Kupimwa na Kukaa Karantini: Wajibu na Haki za Msafiri Mpakani

Wananchi wenzetu wa Arua, Koboko na vijiji vyote vya mpakani, somo la toleo hili linahusu jambo ambalo kila yanapozuka maradhi makubwa huleta mabishano kati ya msafiri na askari: kupimwa afya kwenye kituo cha mpaka, na kukaa karantini. Tunalileta wakati vituo vimetulia, kwa sababu sheria husomwa vizuri kabla ya dharura, si wakati watu wamepanga foleni juani na hasira zimepanda.

Huenda mtu akauliza: kwa nini sasa, ilhali Korona imepita? Ni kweli, Shirika la Afya Duniani lililoitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020 ndilo lililotangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura hiyo ya kimataifa imekwisha. Lakini kwisha kwa ugonjwa mmoja si kwisha kwa magonjwa. Septemba 2022 Ebola aina ya Sudan ilizuka Mubende, na hadi ilipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 55 kati yao walikufa. Agosti 2024 ugonjwa wa mpox, uliokuwa umeshika kasi katika Kongo, ulitangazwa kuwa dharura ya kimataifa. Januari 2025 Ebola ilirudi tena Uganda, safari hii mjini Kampala, na ikadhibitiwa kufikia mwisho wa Aprili mwaka huo. Anayekaa mpakani hana ruhusa ya kusahau.

Mpaka wetu ulivyo

Mpaka wa West Nile hautenganishi watu wageni kwa wageni. Wakakwa wako Koboko, wako Yei na Morobo katika Sudan Kusini, na wako katika eneo la Aru nchini Kongo. Walugbara wamegawanyika hivyo hivyo kati ya Uganda na Kongo. Pale Salia Musala, nchi tatu zinakutana mahali pamoja. Mtu wa kwetu huvuka asubuhi kwenda kuuza mihogo, mchana akapita kumjulia hali shangazi, na jioni akarudi kulala nyumbani, wala haoni kwamba amesafiri nchi ya nje.

Kwa ajili ya safari hizo vipo vituo rasmi, kama Vurra kwa upande wa Kongo na Oraba kwa upande wa Sudan Kusini. Hapo wapo watu wa uhamiaji, forodha, afya na polisi. Lakini kati ya kituo na kituo zipo njia nyingi za miguu, nyingine zikipita katikati ya mashamba, nyingine zikivuka vijito. Ndizo tunazoziita njia za panya. Somo letu zima limejengwa juu ya ukweli mmoja: kituo cha afya cha mpakani kinaweza kumsaidia msafiri anayepita hapo tu. Asiyepita hapo hana wa kumpima, hana wa kumshauri, na akianza kuugua hana anayejua alikotoka.

Mafunzo ya mwaka 2019

Tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, ambao baadaye ulienea hadi Ituri. Mlipuko huo ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200. Katika muda huo mambo matatu yalitokea mipakani ambayo kila mmoja wetu anapaswa kuyafahamu.

La kwanza lilitokea Kasese, Juni 2019. Familia moja iliyokuwa imemuuguza na kumpoteza mzee wake upande wa Kongo iliingia Uganda, si kwa kituo cha Mpondwe, bali kwa njia ya pembeni. Mtoto wa miaka 5 alikuwa tayari mgonjwa. Alipofikishwa hospitali ya Bwera alithibitishwa kuwa na Ebola, akafariki. Nyanya yake na mdogo wake nao walithibitishwa kuugua, na wote wawili wakafariki. Wahudumu wa afya walilazimika kuwatafuta mmoja mmoja watu wote waliokuwa karibu na familia hiyo, kuwachunguza kila siku na kuwachanja.

La pili lilitokea hapo hapo Kasese, mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo. Msichana wa miaka 9 kutoka Kongo alipita katika kituo rasmi cha Mpondwe. Wapimaji wa kituoni waliona dalili, wakamtenga papo hapo na kumpeleka Bwera. Kwa masikitiko, mtoto huyo naye hakupona. Lakini hakuwa ameingia sokoni, hakuwa amepanda gari la abiria, hakuwa amelala katika nyumba ya mtu nchini Uganda. Waliohitaji kufuatiliwa walikuwa wachache na walijulikana tangu saa ya kwanza.

La tatu lilitugusa sisi wenyewe. Mwisho wa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, mji wa soko ambao watu wa Arua na Koboko huuendea kila juma. Mgonjwa huyo alikuwa amesafiri kutoka Beni, zaidi ya kilomita 400 kusini, na kupita miji na vituo vingi njiani hadi akaufikia ukingo wa mpaka wetu. Tukio hilo halikuleta mgonjwa aliyethibitishwa Arua wala Koboko. Hata hivyo lilionyesha kwamba umbali haumzuii mtu aliye na nauli mfukoni, na kwamba ugonjwa tunaousikia redioni kuwa uko mbali waweza kutufikia kwa siku chache.

Tukiyaweka matukio ya Juni na Agosti pamoja, tunaona mpaka ule ule, ugonjwa ule ule, na mwaka ule ule. Kilichotofautiana ni njia aliyopita mgonjwa.

Maneno manne yasichanganywe

Ugomvi mwingi kituoni hutokana na kutoelewa maneno. Tuyatofautishe.

*Kukaguliwa* ni kule kuulizwa ulikotoka, kuangaliwa hali yako, na kupimwa joto la mwili kwa kipimajoto ambacho hakikugusi. Hufanyika kwa dakika chache na kwa kila mtu.

*Kupimwa* ni kuchukuliwa sampuli, kama vile majimaji ya puani na kooni kwa kijiti chenye pamba, au damu, ili maabara iseme kama virusi vimo au havimo.

*Karantini* ni kumweka kando kwa muda mtu ambaye si mgonjwa, lakini huenda ameambukizwa kwa sababu ya mahali alikotoka au mtu aliyekuwa naye. Neno hili latoka katika lugha ya watu wa Venice, na maana yake ni siku 40, ambazo mabaharia wa zamani walisubirishwa kabla ya kushuka bandarini.

*Kutengwa* ni kumweka peke yake mtu ambaye tayari ni mgonjwa au ana dalili, ili atibiwe bila kuwaambukiza wengine.

Kwa hiyo anayeambiwa akae karantini hajaambiwa kwamba anaumwa. Wala hajaambiwa kwamba ni mhalifu. Jirani asimnyoshee kidole, na yeye mwenyewe asijione amehukumiwa.

Kwa nini siku 14, na kwa nini siku 21?

Siku hizi hazikuchaguliwa ofisini bila sababu. Kila ugonjwa una muda wake kati ya siku mtu anapoambukizwa na siku dalili zinapoonekana. Kwa UVIKO-19 muda huo ulikuwa siku 2 hadi 14. Ndiyo maana karantini ya mwanzo ilikuwa ya siku 14. Kwa Ebola ni siku 2 hadi 21. Ndiyo maana aliyekuwa karibu na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21. Siku hizo zikipita salama, mtu huyo hana tena sababu ya kuogopwa.

Hapa pana jambo ambalo wasafiri wengi huuliza: "Nimepimwa, majibu yamesema sina ugonjwa, mbona mnaniweka?" Swali hilo ni la haki na lina jibu. Virusi vikiwa vimeingia mwilini jana, huenda leo bado ni vichache mno kuonekana kwenye kipimo. Majibu ya leo yanaeleza hali ya leo. Hayaahidi kitu kuhusu kesho kutwa. Ndiyo sababu nchi nyingi ziliunganisha kipimo na siku za kusubiri, na mara nyingine kipimo cha pili kabla ya mtu kuruhusiwa kwenda.

Tena magonjwa hayafanani. Mgonjwa wa Ebola haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza. Kwa hiyo kipimajoto na maswali mazuri vinaweza kumwona mapema. Mwenye UVIKO-19 aliweza kuambukiza kabla hajahisi chochote, na wengine hawakuhisi chochote hadi mwisho. Kwa ugonjwa wa namna hiyo kipimajoto peke yake hakitoshi. Kwa hiyo msishangae mkiona masharti ya janga moja yakiwa tofauti na ya jingine. Masharti hufuata tabia ya ugonjwa.

Kuhusu homa ya manjano, ambayo Januari 2020 ilithibitishwa Moyo na Buliisa, kinga yake ni chanjo moja. Kadi ya njano huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 kanuni za kimataifa zinaitambua kwa maisha yote ya mwenye nayo. Mfanyabiashara anayechanjwa asubuhi ya safari bado hajakinga mwili wake wala hajakamilisha kadi yake.

Yaliyofanyika wakati wa UVIKO-19

Mgonjwa wa kwanza nchini Uganda alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020, msafiri aliyekuwa ametua Entebbe akitokea Dubai. Mwezi huo huo mipaka ilifungwa kwa abiria. Magari ya mizigo yaliruhusiwa kuendelea, kwa kuwa nchi isiyo na bahari ikisimamisha malori itakosa mafuta, chumvi na dawa. Hivyo madereva na mataniboi wao wakawa ndio wasafiri wakuu wa nchi, na mzigo wa kupimwa ukawaangukia wao kwanza.

Mwanzoni dereva alichukuliwa sampuli akaendelea na safari, majibu yakamfuata njiani. Ikaonekana kwamba majibu yalipotoka, dereva alikuwa ameshapita miji kadhaa, amekula hotelini na kulala kwenye nyumba za wageni. Mwezi wa Mei 2020 utaratibu ulibadilishwa, akawa anasubiri majibu mpakani. Foleni ya malori ilirefuka mno, hasa Malaba na Elegu, na madereva waliteseka kwa siku nyingi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikakubaliana kupimana kabla ya safari na kutambua vyeti vya kila nchi kwa mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva. Fundisho ni kwamba sheria ya karantini hufaa pale tu maabara inapotoa majibu haraka. Kumsubirisha mtu bila majibu kunamsukuma kutafuta njia ya panya.

Wilaya za mpakani, zikiwemo za kwetu, ziliendelea kuzuiwa usafiri kwa muda mrefu kuliko wilaya za ndani ya nchi. Wananchi wengi walilalamika, na hatuwezi kusema hawakuumia. Mwenye boda boda alikosa abiria, mama wa sokoni alikosa bidhaa. Sababu ya hatua ile ilikuwa hii hii tunayoifundisha: pale ambapo serikali haiwezi kujua nani ameingia na ametoka wapi, huwabana wote. Kadiri wengi wanavyopita kituoni, ndivyo wachache wanavyohitaji kubanwa.

Mfano mzuri wa upande wa pili tunao hapa West Nile. Julai 2020, mpaka ukiwa bado umefungwa, Uganda ilifungua kwa muda vivuko vya Guladjo na Mlima Zeu katika wilaya ya Zombo. Kati ya tarehe 1 na 3 Julai, zaidi ya watu 3,000 waliokuwa wakikimbia mapigano ya Ituri waliingia. Walikaguliwa, wakawekwa karantini kwanza kabla ya kupelekwa makazi ya wakimbizi. Karantini ndiyo iliyowezesha mlango kufunguliwa. Bila karantini, lingebaki chaguo gumu zaidi: kuwarudisha watu kwenye risasi, au kuwaingiza bila kujua hali zao.

Sheria inasema nini

Katiba ya Uganda, Ibara ya 23, inalinda uhuru wa kila mtu. Lakini ibara hiyo hiyo imetaja hali chache ambazo uhuru huo unaweza kuzuiwa, na mojawapo ni kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa kuambukiza. Sheria ya Afya ya Umma nayo inampa Waziri wa Afya mamlaka ya kutunga kanuni wakati wa mlipuko, na ndiyo iliyotumika mwaka 2020 kutoa Kanuni za Kudhibiti UVIKO-19.

Tunaomba jambo moja lieleweke: anayeamua kwamba mtu akae karantini ni afisa wa afya aliyepewa mamlaka hayo, si askari. Kazi yetu sisi polisi ni kulinda mahali hapo, kuhakikisha amri ya afisa wa afya inatekelezwa, na kuwalinda wahudumu pamoja na wale waliowekwa karantini. Askari hapimi ugonjwa kwa macho wala hatoi hukumu ya afya.

Aliye karantini hajakamatwa kwa kosa. Hafunguliwi faili la jinai. Lakini anayetoroka, anayeghushi cheti cha kipimo, au anayedanganya alikotoka huku akijua hatari yake, huyo amevuka mstari. Sheria ya Kanuni za Adhabu inasema kwamba anayefanya, kinyume cha sheria au kwa uzembe, tendo ambalo anajua au ana sababu ya kuamini kuwa laweza kueneza ugonjwa wa hatari kwa maisha, anaweza kufungwa hadi miaka 7. Hatuandiki haya kwa vitisho. Tunayaandika ili mtu asije akasema hakuambiwa.

Haki za msafiri

Wajibu wa msafiri unakwenda pamoja na haki zake, na askari yeyote anayezisoma kurasa hizi azihesabu kuwa amri juu yake pia. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007, zinataka msafiri atendewe kwa heshima ya utu wake, na jinsia yake, dini yake na mila zake zizingatiwe. Aliyewekwa karantini apewe chakula na maji ya kutosha, mahali pa kulala, matibabu akiyahitaji, na ulinzi wa mizigo yake. Aelezwe katika lugha anayoielewa. Kwetu hiyo ina maana ya Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala au Kiswahili. Kumsomea mama wa Aru karatasi ya Kiingereza si kumweleza.

Katiba nayo inasema kwamba mtu aliyezuiliwa ana haki ya jamaa yake kuarifiwa akiomba hivyo, na ya kuonana kwa utaratibu unaofaa na jamaa, wakili na daktari wake. Wakati wa janga kuonana huko kwaweza kuwa kwa simu au kwa umbali, lakini hakufutwi. Na katazo la mateso na udhalilishaji halina likizo wakati wowote, hata wakati wa dharura. Fimbo si chombo cha afya ya umma.

Habari za afya ya msafiri ni siri. Askari au mhudumu anayetangaza kijijini jina la aliyepimwa amemkosea mtu huyo, na amewafundisha wengine kujificha.

Kuhusu fedha: pale serikali inapoweka ada ya kipimo, ada hiyo hutangazwa hadharani na hutolewa risiti. Fedha inayodaiwa bila risiti ni hongo, hata ikiitwa chai. Hongo mpakani wakati wa janga ni mbaya kuliko ya siku nyingine, maana humpitisha mgonjwa na kumzuia mzima asiye na kitu. Malalamiko dhidi ya askari yapelekwe kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kwa kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu, au kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo ina ofisi Arua.

Ndugu aliyefichwa

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Katika mipaka mingine polisi hupambana na magendo ya watu wasiojuana. Hapa kwetu, anayepitishwa njia ya panya usiku wakati wa janga mara nyingi ni shemeji, binamu au mama mkwe. Anayemficha hafanyi hivyo kwa ubaya. Anafanya kwa upendo, na kwa kuogopa kwamba ndugu yake akichukuliwa hatarudi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mfanyabiashara amerudi kutoka mji ulio na mlipuko. Anaogopa karantini, kwa kuwa bidhaa zake zitaoza. Anapita kwenye mashamba na kulala kwa dada yake. Siku ya tatu anapata homa. Dada anamkanda kwa maji, anafua shuka alizotapikia, anamnywesha uji kwa kikombe wanachotumia watoto. Siku ya tano mganga wa jirani anaitwa. Siku ya saba anapelekwa zahanati, naye anasema alikuwa nyumbani siku zote. Mhudumu, akiamini ni malaria, anamchoma sindano bila mavazi ya kinga. Hesabu sasa walio hatarini: dada, watoto wake, mganga, mhudumu, na wote waliokaa kwenye benchi la zahanati. Bidhaa ziliokolewa, lakini nyumba nzima imewekwa rehani.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kumpenda ndugu wakati wa janga ni kumpeleka mapema. Mgonjwa wa Ebola anayeanza kutibiwa siku ya kwanza ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko anayeletwa akiwa hawezi kusimama. Na dada yake hatakuwa ameongezwa kwenye orodha ya wagonjwa.

Jambo hili linagusa pia kuvusha maiti. Tunajua ni heshima mtu azikwe kwao, karibu na makaburi ya baba zake. Lakini mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza kuliko alivyokuwa hai. Kuosha maiti, kuikumbatia na kuivusha usiku kwa pikipiki ni njia ambayo imezika familia nzima kwingine. Kama kifo kimetokea na kuna mashaka, toeni taarifa. Timu za mazishi salama huwaruhusu jamaa na viongozi wa dini kusali na kuaga, kwa umbali unaofaa.

Tufanye nini kituoni na kijijini

*Msafiri:* pita kituo rasmi, hata kama njia ya panya ni fupi. Sema ukweli kuhusu ulikotoka na uliokuwa nao kwa siku 21 zilizopita. Beba kadi ya chanjo na namba ya simu ya jamaa. Ukielekezwa karantini, uliza jina la afisa wa afya, sababu, na tarehe ya kumaliza, kisha uandike.

*Familia inayompokea mgeni:* mwarifu mwenyekiti wa LC1 au mhudumu wa afya wa kijiji, yule VHT. Mgeni akipata homa, kutapika, kuharisha, vipele au kutoka damu, msimguse bila kinga na msimpeleke hospitali kwa boda boda; pigeni simu mfuatwe.

*Mwendesha boda boda:* usikubali safari ya usiku ya abiria anayetaka kukikwepa kituo. Nauli mara mbili si malipo ya kutosha kwa mgonjwa aliyeegemea mgongoni mwako kilomita 20.

*Mwenyekiti wa kijiji:* usiwafukuze waliomaliza karantini. Aliyemaliza siku zake ametimiza wajibu. Mpokeeni hadharani ili wengine waone kwamba kutii hakumfanyi mtu mkiwa.

*Askari na wahudumu:* waelezeni watu kabla ya kuwaamuru. Hakikisheni pana maji, kivuli na choo. Msafiri aliyeheshimiwa leo atapita tena kesho, na atawaambia wenzake wapite.

Simu ya polisi ni 999 au 112. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 0800 100 066.

Maswali ya kujadili

Tunaomba maswali haya yajadiliwe katika mikutano ya vijiji, makanisani, misikitini, na kwenye vituo vya boda boda.

1. Katika kijiji chetu, ni njia zipi zinazovuka mpaka bila kupita kituoni, na nani huzitumia?
2. Ni jambo gani huwafanya watu wetu waogope kituo zaidi ya wanavyoogopa ugonjwa? Je, ni foleni, fedha, matusi, au uvumi?
3. Mfanyabiashara akiwekwa karantini siku 14, kijiji kinaweza kumsaidiaje ili bidhaa na watoto wake wasidhurike?
4. Nani atamlisha kuku na kumwagilia bustani jirani aliye karantini?

Swali la nne laweza kuonekana dogo, lakini hapo ndipo karantini hushinda au hushindwa. Mtu anayejua kwamba nyumba yake inaangaliwa atakaa siku zake zote. Anayejua kwamba ameachwa peke yake ataruka ua usiku wa pili. Majibu ya vikao vyenu yaleteni kwa afisa wa polisi jamii wa kituo kilicho karibu. Tutayatumia tutakapokaa na wenzetu wa afya na uhamiaji kupanga kazi ya Vurra na Oraba, ili ugonjwa mwingine ukija utukute tumekwisha kuelewana.